Mteja Mpole Anaweza Kusubiri

Mimi ni fundi bomba, na sipendi kuamrishwa na kitu kisichokuwa na mikono. Naliweka hilo wazi mapema ili nikianza kufoka huko mbele usishangae. Kazi yangu ni kuchimba, kukata, kuunga na kufukia. Zamani aliyekuwa akitupangia kazi pale ofisi ya maji alikuwa mama mmoja wa dirishani, mwenye simu mbili na subira ya kutosha moja tu. Alikuwa akimsikiliza mtu kidogo, anafunika simu kwa kiganja, anakwambia, "Huyu nenda. Huyu anadeka." Hakuwa akikosea sana. Alipostaafu, Meneja hakuweka mtu mwingine kwenye kile kiti. Akaweka mashine.

Mashine yenyewe ilitengenezwa na dada mmoja mrefu, mtaratibu, tuliyembandika jina la Kibodi kwa sababu vidole vyake havikutulia hata akiwa anakunywa chai. Vilikuwa vinaandika juu ya meza. Yeye sikuwa na ugomvi naye. Ugomvi wangu ulikuwa na ile skrini aliyoitundika ukutani, pale tulipozoea kutundika makoti.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwenye shida ya maji anatuma ujumbe kwa simu yake. Ujumbe ukifika, mashine inausoma, inaupa rangi, halafu inaupanga kwenye foleni. Nyekundu inakaa juu na imeandikwa, "Mteja ana hasira, nenda sasa." Njano inakaa katikati. Kijani inakaa chini kabisa, na pembeni yake pameandikwa, "Mteja mpole, anaweza kusubiri." Kazi ya juu ikitoka, inachapishwa kwenye kikaratasi, na bila kikaratasi hicho Bwana Stoo, mtunza ghala wetu, hakupi hata uzi wa kuzibia. Ukimwomba spana bila kikaratasi anakuangalia kama umemwomba figo.

Sasa utajiuliza, mashine itajuaje mtu amekasirika? Hata sisi tuliuliza. Kibodi akaja kutueleza asubuhi moja uwanjani, saa ya mstari. Pale kwetu kila asubuhi tunapanga mstari kabla ya kutoka, Meneja anapita anakagua viatu, kama vile tunakwenda vitani na si kwenye matope. Mafundi tunavaa bluu, madereva kijani, na Bwana Stoo anavaa koti lake jeupe ambalo hakuna aliyempa.

"Leo ninyi ni herufi," Kibodi akasema.

Nikamwangalia. Nimewahi kuitwa mengi kwenye kazi hii, herufi bado.

Akaanza kutembea mbele ya mstari. "Mashine inamshika wa kwanza, inakwenda kwa wa pili, inamuuliza, wewe unafanana na aliyekutangulia? Bluu na bluu, ndiyo, inaongeza moja. Bluu tena, inaongeza moja. Bluu tena, inaongeza. Huo mfululizo ni kelele. Halafu inafika kwa Bwana Stoo. Jeupe. Hafanani na aliyemtangulia. Basi hesabu inafutwa, inaanza upya."

"Mimi sifutwi," Bwana Stoo akasema. "Mimi nilikuwepo hapa kabla ya hilo geti."

"Ni mfano tu, mzee wangu."

"Mfano aufanye mwingine."

Nikanyoosha mkono nikauliza, kwani herufi zikifuatana ndiyo hasira? Kibodi akanijibu bila kusita, tena kwa moyo mweupe kabisa. "Kaka, mama yangu akiniandikia 'njoo', namaliza kula. Akiniandikia 'njoooooo', naacha sahani. Nyumbani kwetu wote tuko hivyo. Nikadhani kila nyumba iko hivyo."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kusema kweli ilikuwa na mantiki. Mtu ambaye bomba limempasukia sebuleni haandiki "maji". Anaandika "majiiiiii" na alama za mshangao nyingi mpaka kidole kichoke. Mashine inazihesabu zile i, inazihesabu zile alama, inampeleka juu. Siku za mwanzo kazi zilikwenda vizuri, na Meneja akawa anawaleta wageni kuiona skrini yake kama mtu aliyepata mtoto wa kiume uzeeni.

Shida ilianza nilipomwona mama mkwe wangu kwenye kijani.

Mama mkwe wangu alikuwa katibu muhtasi maisha yake yote. Amewachapia wakubwa barua mpaka wakubwa wenyewe wakawa wanastaafu na kuagwa kwa hotuba alizochapa yeye. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga na marehemu mume wake, na hapendi mtu amsogezee kiti, amfunulie mlango wala amwambie ale nini. Huyo hajawahi kupandisha sauti mbele yangu tangu nimuoe binti yake. Akikukasirikia anakuita "bwana". Mimi aliniita "bwana" mara moja, siku ya kwanza nilipokanyaga zulia lake na viatu, na mpaka leo nikifika pale navua viatu nikiwa bado barabarani.

Ujumbe wake ulikuwa umelala chini kabisa ya skrini, kijani kibichi. Nikausoma nikiwa nimesimama na mkate mdomoni:

"Kwa heshima na taadhima, napenda kuwajulisha kwamba bomba lipitalo chini ya ukuta wa chumba changu cha kulala linavuja, na unyevu umepanda hadi usawa wa dirisha. Nitashukuru sana mkipata nafasi ya kulitazama. Samahani kwa usumbufu. Wenu mtiifu."

Ukiacha a mbili za "taadhima" na i mbili za "mtiifu", ambazo ndivyo zinavyoandikwa, hakuna herufi iliyojirudia mfululizo. Hata alama ya mshangao hakuweka. Mashine ilikuwa imemsoma, ikaona ametulia, ikamwambia asubiri. Na kila siku walipoingia watu wapya wenye "uuuu" na "aaaa" zao, yeye alizidi kusukumwa chini.

Usiniambie ningekwenda tu kulitengeneza mwenyewe. Hilo si bomba la nyumbani. Ni bomba la mtaa, limepita chini ya ukuta wake tangu kabla ya ramani kuchorwa, na ukitaka kuligusa lazima ufunge valvu ya barabarani. Ufunguo wa valvu uko kwa Bwana Stoo. Kiungio cha ukubwa ule hakiuzwi dukani, kiko kwa Bwana Stoo. Nilimwendea Bwana Stoo nikambembeleza, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikamwambia hilo koti lake linampendeza. Akaniuliza, "Kikaratasi?"

Na yeye mama mwenyewe nilipomgusia kwamba nitatafuta njia za pembeni, alinikata. "Mwanangu, sitaki uje kufukuzwa kazi kwa ajili ya ukuta wangu. Foleni ni foleni. Zamu yangu itafika."

Ingekuwa ni ukuta tu ningevumilia. Lakini kulikuwa na shemeji.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Si mtu mbaya. Ni mtu wa mipango, na watu wa mipango ndio wanaonipandisha presha. Alikuwa amekwisha kuamua siku nyingi kwamba mama ni mtu mzima, hafai kukaa peke yake, ahamie chumba cha nyuma nyumbani kwake, na ile nyumba apewe mpangaji. Alichokosa ni sababu. Ule unyevu ukampa. Akatangaza kwenye kundi la simu la familia kwamba nyumba si salama tena, ukuta utamwangukia mama usingizini, na Jumamosi atakuja na gari kubeba vitu. Akasema ikiwa maji yatakuwa yametengenezwa kabla ya hapo, basi tutazungumza. Alijua fika hayatatengenezwa.

"Mama amesemaje?" nikamuuliza mke wangu.

"Amesema sawa."

"Sawa kweli?"

"Mama anasema sawa kwa kila kitu. Wewe si fundi wa maji?" Aliniuliza hivyo kwa upole, anakunja nguo. Mimi upole wa mke wangu nauogopa kuliko kelele zake. "Mama yangu anaondolewa kwenye nyumba yake kwa sababu ya maji, na mume wangu ni fundi wa maji. Nakunja tu nguo hapa najiuliza."

Jioni ile nikaenda kwa mama mkwe. Nikavua viatu getini, nikamwamkia, akanipa kiti. Ukuta wa chumbani ulikuwa umevimba rangi, lakini nilipougonga uliitika vizuri, mgumu, haukuwa wa kuanguka. Tatizo lilikuwa chini. Alikuwa amesogeza kitanda katikati ya chumba na kuweka beseni kwenye kona. Kwenye meza nikaona ameanza kufunga vikombe vyake kwenye magazeti, kimoja kimoja, na kila kifurushi amekiandika juu kilichomo. Nikahisi roho inaniuma.

Nikamweleza habari za mashine. Nikamweleza kuhusu herufi, mstari, bluu na bluu. Akasikiliza mpaka mwisho, maana yeye humsikiliza mtu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "nikiandika kama mlevi, mtakuja."

"Si kama mlevi, Mama. Unavuta tu herufi kidogo. Badala ya maji, unaandika majiiii."

"Kwa nini?"

"Ili mashine ijue una shida."

"Nimekwisha kuiambia nina shida. Nimeandika linavuja."

"Ndiyo, Mama, lakini haijui maana. Inahesabu tu."

"Basi tatizo ni lake, si langu." Akasimama kwenda kutazama birika jikoni.

Simu yake ilikuwa mezani. Sitajitetea. Shetani hakunipitia, niliiendea mwenyewe nikiwa na akili timamu. Nikafungua ujumbe, nikaandika haraka haraka "Bomba limepasukaaaaaa majiiiiiiiii", nikawa natafuta alama ya mshangao, na ile simu yake ni ya zamani, alama zimefichwa huko ndani kama siri za serikali. Nikasikia nyayo za kandambili.

Alinipokonya simu kwa vidole viwili, akavaa miwani, akasoma. Kisha akaanza kufuta, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka, na simu yake inalia kidogo kila anapobonyeza. Zilikuwa nyingi. Nilikaa pale mtu mzima mwenye watoto wawili, nikisikiliza i zangu zikifutwa.

"Chai yako ina sukari ngapi siku hizi, bwana?" akaniuliza.

Ndiyo ikawa mara ya pili. Nilikunywa bila sukari kabisa, nikaondoka.

Wakati huo huo mji ulikuwa umeshtukia. Sijui nani alivujisha, ingawa namshuku dereva mmoja mwenye shemeji wengi. Ghafla kila mtu akawa na hasira. Mtu bomba lake linadondosha tone moja anaandika "Msaadaaaaaaa" mpaka mwisho wa skrini. Mwingine akauliza tu kama ofisi inafungwa saa ngapi, "saaaaaa ngapiiiiii", tukapelekwa kwake na jembe. Mteja mmoja alijaza alama za mshangao peke yake, hakuna neno. Tukaenda. Alitaka kujua kama ujumbe wake umefika.

Halafu ikaja ile ya siku ya Alhamisi. Skrini iliwaka nyekundu ambayo hatujawahi kuiona, ikaanza na kulia. Ujumbe ulikuwa herufi moja tu, m, umejaa m mwanzo mpaka mwisho. Mashine ikasema hasira kubwa kuliko zote zilizowahi kupokewa. Meneja mwenyewe akavaa kofia ya chuma. Tukatoka na magari mawili na pampu, mimi nyuma nimeshikilia bomba, watu barabarani wakitupisha. Tulipofika nyumba yenyewe, ilikuwa kavu. Bibi mmoja akafungua mlango, na nyuma yake alikuwa amekaa mtoto mchanga kwenye mkeka, anaota meno, ameiweka simu mdomoni anaitafuna kwa raha zake. Alimwona Meneja na ile kofia, akaitoa simu, akamtabasamia.

Meneja hakutabasamu. Alirudi ofisini, akamwita Kibodi.

Mimi nilikuwa pale mlangoni nikisubiri sahihi ya mafuta ya gari, kwa hiyo nilisikia yote. Meneja alilalamika kwamba ameaibishwa na mtu asiye na meno. Kibodi alisimama kwa adabu, vidole vinaandika kwenye paja. Meneja alipotoka kwenda kuvua kofia, nikaingia. Siku hiyo hasira zilikuwa zimekwisha kunifika hapa shingoni.

"Dada," nikamwambia, "kuna mama mtu mzima anahamishwa nyumbani kwake kesho kutwa kwa sababu mashine yako inapenda makelele. Huyo mama hajui kupiga kelele. Hakufundishwa. Unataka afanye nini, aende akamuazime yule mtoto?"

Nilitegemea atanijibu kitaalamu. Akavuta kiti, akakaa. "Ni mama yako?"

"Mkwe wangu."

"Ameandikaje?"

Nikamwonyesha kwenye skrini, kule chini kwenye kijani. Akausoma polepole, midomo inatembea. Nikaona uso wake umebadilika.

"Mpandishe juu," nikamwambia. "Bonyeza tu."

"Siwezi, kaka. Nikimpandisha mama mkwe wako kwa mkono, kesho nitampandisha mama yangu, na mama yangu ana mabomba mengi." Akautazama tena ule ujumbe. "Lakini nimehesabu vibaya. Nilikuwa namtazama aliyekutangulia tu. Kwani kujirudia lazima watu wafuatane?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa amekwisha kugeukia kompyuta. Vile vidole vikapata kazi yake. Akawa ananieleza huku anaandika, na mimi nikawa naitika kama naelewa, halafu katikati nikaanza kuelewa kweli. Kwanza, akasema, herufi zikifuatana zinafanana, hata ziwe za kujaza ukurasa, zinahesabiwa moja. Mtoto na m zake zote anapata moja. Pili, kila herufi anaipa ndoo yake. Mashine inapita kwenye ujumbe mzima toka mwanzo mpaka mwisho, ikikutana na a inaitupa kwenye ndoo ya a, ikikutana na n inaitupa kwenye ndoo ya n, haijali zimekaa wapi wala ni nani jirani yake. Mwisho inachungulia ndoo zote. Mwenye ndoo zilizojaa ndiye anayekwenda juu.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Mwenye kutania huandika kidogo na kuvuta. Mwenye shida kweli huieleza. Na kueleza kunakula herufi."

Meneja aliporudi alitaka kujua jambo moja tu, kama rangi zake zitabaki. Akaambiwa rangi zitabaki, na maandishi yatabaki vile vile. Akasema basi, waendelee. Kibodi alisema mabadiliko yataanza kufanya kazi Jumamosi asubuhi, kwa sababu Ijumaa anataka kuyajaribu kwanza. Ijumaa nzima nilitembea na roho mkononi.

Jumamosi nilifika kabla ya geti kufunguliwa. Skrini ilikuwa imezimwa. Kibodi akaiwasha, ikafikiri, ikafikiri, ile foleni yote ikaanza kujipanga upya mbele ya macho yetu. Wenye "aaaa" walianguka chini mmoja baada ya mwingine mpaka kwenye kijani. Na kutoka chini kukapanda ujumbe mmoja, ukapita njano bila kugeuka, ukakaa juu kabisa. Mashine ikaanza kulia.

Haukuwa ule wa kwanza. Mama mkwe alikuwa ametuma mwingine Ijumaa jioni, mrefu mpaka ulikuwa umekatika vipande:

"Kwa heshima na taadhima. Rejeeni ujumbe wangu wa awali kuhusu bomba linalovuja. Napenda kuwajulisha kwamba kuanzia kesho Jumamosi sitakuwa tena mkazi wa nyumba hii, kwa kuwa wanangu wameona ni vema nihame. Hata hivyo nawaomba msiache kulitengeneza kwa sababu tu mimi sitakuwepo. Maji yameanza kuelekea upande wa jirani yangu, ambaye ana watoto wadogo na ukuta wake ni wa udongo. Ufunguo wa geti nitauacha kwake. Mkichimba, tafadhali upande wa kushoto kuna maua ambayo yalipandwa na marehemu mume wangu, na ikiwezekana yaokolewe. Nawashukuru kwa huduma yenu ya miaka yote, na samahani kwa usumbufu. Wenu mtiifu."

Juu yake mashine ilikuwa imeandika, "Mteja ana hasira kupita kiasi. Hatari. Nendeni sasa."

Kikaratasi kikachapwa. Nilikishika mkononi nikakimbia nacho kwa Bwana Stoo. Alikisoma, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akatoa ufunguo wa valvu na kiungio kipya. Halafu, sijui nini kilimpata, akaongeza koleo lake mwenyewe lenye mpini laini. "La maua," akasema, na akafunga dirisha.

Tulipofika, gari la Shemeji lilikuwa limekwisha kurudi nyuma mpaka mlangoni. Godoro lilikuwa juu, kitanda kiko nusu juu nusu chini, na vile vikombe kwenye maboksi vimepangwa barazani. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki, amevaa nguo ya kutokea, mkoba kwenye mapaja. Alikuwa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Mmechelewa," Shemeji akaniambia. "Mpangaji nimeshampa neno langu."

"Mimi nina kikaratasi, Shemeji," nikamwambia. "Tupishe."

Mwenzangu akafunga valvu, tukaanza kuchimba. Maua niliyatoa kwa koleo la Bwana Stoo pamoja na udongo wake, nikayapanga kivulini. Bomba tulilikuta limechanika kwenye kiungo cha zamani, mchaniko wa kuingia ukucha. Hilo ndilo lilikuwa linamhamisha mtu. Tukakata, tukaunga, tukafungua maji taratibu, nikaweka kiganja pale kwenye kiungio nikasubiri. Pakavu. Nikaugonga ukuta mbele ya Shemeji, nikamwambia utasimama hapa mpaka mimi na wewe tuwe na mikongojo. Akatazama saa. Akasema ni vizuri, mpangaji atafurahi. Kisha akageuka kukamata mguu wa kitanda.

Nikaona basi, imekwisha. Nimetengeneza bomba na nyumba imeondoka vile vile. Niliona hasira mpaka macho yakaniwasha, lakini mbele ya mama mkwe mtu hamtukani mtoto wake.

Kikaratasi kilihitaji sahihi ya mteja. Nikampelekea, nikampa kalamu. Mama akavaa miwani. Nilikuwa nimesahau kilichochapwa pale juu kwa herufi kubwa. Nilipoona macho yake yamesimama kwenye ule mstari nikajua, nikapata aibu mpaka masikioni.

"Samahani, Mama," nikamwambia. "Hayo ni ya mashine. Inahesabu herufi tu, inatupa kwenye ndoo. Haijui inachosema."

Alisoma tena, kidole chini ya kila neno, kama alivyokuwa akihakiki barua za wakubwa. Mteja ana hasira kupita kiasi.

"Haijakosea," akasema.

Shemeji akasimama na mguu wa kitanda mkononi.

"Nina hasira," mama akamwambia, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, haikupanda hata kidogo. "Nina hasira na wewe, bwana. Ulikuja hapa na futi ukapima dirisha langu kwa ajili ya mapazia ya mtu mwingine, na mimi nimekaa ndani ya chumba. Nilikuwa nimekaa pale. Hukuniuliza kama nataka kuhama. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza."

"Mama, ulisema sawa."

"Nilisema sawa kwamba nimekusikia."

"Mbona hukusema, Mama? Ungesema tu kwamba hutaki."

"Nilisema. Nilikwambia napenda asubuhi ya nyumba hii. Nilikwambia jirani ananihitaji. Nilikwambia hapa ndipo baba yenu alipofia. Wewe ulitaka nilie nigaegae chini ndipo uhesabu kwamba nimesema?"

Nilimwona Shemeji anavyoanza kuyakumbuka, moja moja, asubuhi, jirani, baba. Mtu wa mipango yule, mpango ulikuwa umemtoka usoni wote. Akaweka mguu wa kitanda chini polepole, akaja akachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki.

"Nisamehe, Mama," akasema. "Unataka kuhama?"

"Sitaki."

"Basi."

Akapanda kwenye gari akalishusha godoro yeye mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Kitanda ndicho kilimshinda, nikashika upande wa miguuni, yeye akashika wa kichwani, tukakiingiza chumbani tukijigonga kwenye mlango. Mama alitufuata nyuma na mkoba wake begani. Shemeji akataka kukiweka katikati ya chumba, mbali na ukuta wenye unyevu.

"Ukutani," mama akasema. "Pale pale kilipokuwa."